Wilhelm Maybach, Yatima Aliyeipimia Injini Petroli Yake

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, ili wanafunzi wapate mfano wa kufuata. Najua wengi walitazamia mfalme, jemadari au mshairi. Mimi nimemchagua fundi. Jina lake ni Wilhelm Maybach, Mjerumani, naye ni mmoja wa watu wachache walioifanya injini ya petroli iwe kitu cha kusafiria, badala ya mtambo mzito wa kukaa mahali pamoja.

Sababu ya kumchagua ni hii. Mimi hufundisha fizikia, na siku za Jumamosi husimamia Chama cha Ufundi. Karibu kila muhula wanachama wapya huniuliza wafanye nini ili pikipiki ipate nguvu zaidi, na kabla sijajibu wamekwisha kujijibu wenyewe kwamba dawa yake ni kuiongezea petroli. Siyo hivyo. Nguvu ya injini haitoki katika wingi wa petroli; inatoka katika kipimo chake. Maybach alitumia miaka mingi ya maisha yake kutafuta kipimo hicho, na kila fundi anayechagua sindano ya kabureta leo anaendeleza kazi yake, ingawa pengine hajapata kulisikia jina lake.

Maybach alizaliwa tarehe 9 Februari 1846 katika mji wa Heilbronn, kusini ya Ujerumani. Baba yake alikuwa seremala. Mama alifariki mwaka 1854, na baba akafuata mwaka 1856, mtoto akiwa na umri wa miaka kumi tu. Waliachwa wavulana watano bila mlezi. Marafiki wa wazazi wakatia tangazo gazetini kuwaombea watu wema msaada. Hivyo ndivyo Wilhelm alivyopokewa katika mji wa Reutlingen, kwenye nyumba ya mayatima iitwayo Bruderhaus, maana yake Nyumba ya Ndugu, iliyoanzishwa na mhubiri Gustav Werner.

Nyumba hiyo haikuwa mahali pa kula na kulala tu. Ilikuwa na shule, na ilikuwa na karakana ambamo vijana walifundishwa kazi za mikono. Werner akaona kwamba kijana huyu alikuwa na mkono mwepesi wa kuchora na jicho la kutambua jinsi vitu vinavyofanya kazi. Basi hakumwacha apotee katika kundi. Alipofika umri wa miaka 15 aliwekwa katika chumba cha wachoraji wa mitambo, na jioni akasoma masomo ya kuchora, hisabati na fizikia. Mchana alifanya kazi, usiku alifungua vitabu. Hakuwa na baba wa kumlipia chuo kikuu, wala hakupata kusoma chuo kikuu maisha yake yote.

Mwishoni mwa mwaka 1863 alikuja Bruderhaus mhandisi mmoja, jina lake Gottlieb Daimler, kuwa msimamizi wa karakana. Daimler alikuwa amemzidi Maybach kwa miaka 12. Alipoona michoro ya kijana huyu alimpenda, akamfanya msaidizi wake, na tangu hapo hawakutengana sana mpaka kifo. Daimler alipohamia Karlsruhe, Maybach alimfuata mwaka 1869. Mwaka 1872 Daimler alipokwenda kusimamia kiwanda cha injini za gesi huko Deutz, karibu na Köln, Maybach akaenda naye, na mwaka 1873 akawa mkuu wa wachoraji wa kiwanda. Mwenye injini hizo alikuwa Nikolaus Otto, ambaye mwaka 1876 alifanikiwa kuunda injini ya mapigo manne: kuvuta, kubana, kulipuka na kutoa moshi. Ndiyo mapigo yale yale ninayowachorea ubaoni. Maybach aliichukua injini hiyo akaitengeneza upya ili iweze kuundwa kiwandani kwa wingi na kuuzwa.

Lakini injini za Deutz zilikuwa kubwa na nzito, nazo zilizunguka polepole, mizunguko isiyofika 200 kwa dakika. Zilifaa kusukuma pampu na mashine za viwanda. Daimler na Maybach walitamani injini ndogo, nyepesi, yenye mbio, inayoweza kuwekwa juu ya chombo chochote. Kwa ajili hiyo mwaka 1882 waliacha kazi Deutz wakahamia Cannstatt, karibu na Stuttgart. Daimler alinunua nyumba yenye bustani, na kibanda cha vioo cha kuoteshea mimea wakakigeuza kuwa karakana. Walifanya kazi kwa siri, mchana na usiku. Inasimuliwa kwamba mtunza bustani aliposikia kelele za nyundo usiku, alidhani mabwana hawa wanatengeneza fedha bandia, akawapasha polisi habari. Polisi walipoingia kupekua hawakuona ila vipande vya injini.

Kazi ile ilizaa matunda. Kufika mwaka 1885 walikuwa na injini ya silinda moja, yenye ujazo wa sentimita za mraba wa tatu 264 hivi na nguvu ya nusu ya farasi, ikizunguka mara 600 kwa dakika. Waliifunga katika fremu ya mbao yenye magurudumu mawili makubwa na mawili madogo ya pembeni ya kuizuia isianguke. Chombo hicho ndicho ambacho aghalabu huhesabiwa kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli duniani. Mwezi wa Novemba 1885 ilisafiri kutoka Cannstatt mpaka Untertürkheim, mwendo wake kama kilometa 12 kwa saa. Inasemekana kiti kilishika moto njiani, kwa sababu bomba la moto la kuwashia injini lilikuwa chini yake. Wanafunzi wanaolalamikia viti vya bodaboda na wakumbuke habari hiyo.

Hapa sasa ndipo yalipo mambo yenyewe. Petroli haiungui vizuri ikiwa peke yake. Ni lazima ichanganywe na hewa, na kwa kipimo. Siku hizi tunajua kwamba gramu moja ya petroli inahitaji gramu 14.7 hivi za hewa ili yote iungue bila kubaki. Petroli ikizidi, injini hutoa moshi mweusi, hukohoa, na plagi hupakwa masizi. Petroli ikipungua, moto hukaa mkali ndani ya silinda, injini hupata joto kupita kiasi, na pistoni yaweza kukwama au kutoboka. Kifaa kinachochanganya hewa na petroli ndicho kabureta.

Kabureta ya siku zile ilikuwa chombo tu cha petroli ambamo hewa ilipitishwa, ikachukua mvuke wake na kuupeleka katika injini. Petroli yenyewe ilinunuliwa katika maduka ya dawa, maana watu waliitumia kuondolea madoa nguoni. Kabureta ya namna hiyo ilikuwa na matata matatu. Kwanza, sehemu nyepesi za petroli hutangulia kuwa mvuke, zikabaki sehemu nzito, hata injini iliyoanza safari vizuri ikachoka njiani. Pili, siku ya baridi mvuke hupungua na siku ya joto huzidi. Tatu, barabara mbovu hutikisa petroli, na kila mtikiso hubadili mchanganyiko. Kwa mtambo wa kiwandani haya yanavumilika. Kwa chombo cha barabarani ni mwiba.

Maybach alikuwa akilifikiri jambo hili wakati maisha yake yalipoingia dhiki. Mwaka 1890 matajiri waliweka fedha zao pamoja na Daimler wakaanzisha kampuni, Daimler-Motoren-Gesellschaft. Maybach aliona masharti aliyopewa hayamfai, akaondoka mapema mwaka 1891. Mtu mwenye umri wa miaka 45, mwenye mke na watoto, hana kampuni wala cheo. Daimler naye hakupatana na wale matajiri, akampa rafiki yake fedha kwa siri ili aendelee na kazi. Maybach akapanga ukumbi wa hoteli moja huko Cannstatt, Hotel Hermann, ukumbi wa kuchezea dansa, akaweka humo meza zake za kuchorea, mafundi wachache na wanagenzi.

Katika ukumbi huo ndimo ilimotoka, kufika mwaka 1893, kabureta ya kunyunyizia. Fikira yake ni rahisi kueleza, ingawa haikuwa rahisi kuipata. Maybach aliacha kupitisha hewa katika petroli yote. Badala yake aliipeleka petroli penye hewa, kidogo kidogo. Kuna kibakuli kidogo chenye boya. Petroli ikipungua boya hushuka na kufungua njia. Ikijaa boya hupanda na kuifunga njia kwa sindano fupi. Kwa hiyo kimo cha petroli hakibadiliki, nacho huwekwa chini kidogo ya mdomo wa jeti, yaani kijitundu chembamba kilicho katikati ya njia ya hewa. Pistoni inaposhuka hufyonza hewa, na hewa ikipita kwa kasi kandokando ya jeti huivuta petroli, nayo hutoka ikitawanyika kama manyunyu. Injini ikifyonza sana hupata nyingi. Ikifyonza kidogo hupata kidogo. Petroli iliyobaki katika tangi haiguswi na hewa, kwa hiyo haibadiliki.

Haki inataka niseme pia kwamba Wahungari wawili, Donát Bánki na János Csonka, walipata fikira kama hiyo, na hati yao nayo ni ya mwaka huo huo wa 1893. Mara nyingi katika ufundi tunda huiva katika miti miwili kwa wakati mmoja. Lakini kabureta ya Maybach iliingia barabarani pamoja na injini yake mpya iliyoitwa Phönix, na mafundi wa Ufaransa wakaipokea kwa furaha. Magari yenye injini za aina ya Daimler yalijipatia sifa kubwa katika mashindano ya Paris hadi Rouen mwaka 1894, na Paris hadi Bordeaux na kurudi mwaka 1895.

Jeti yenye tundu moja, hata hivyo, bado ina upungufu. Hewa inapozidi kasi, petroli huvutwa kupita kiasi, na tundu linalofaa injini ikienda mbio halifai inapokwenda polepole. Hili lilishughulikiwa na waliomfuata Maybach. Njia mojawapo iliyodumu ni ya kutia ndani ya tundu la jeti sindano ndefu iliyochongoka. Mnamo mwaka 1905 Waingereza wa ukoo wa Skinner walianza kutengeneza kabureta iitwayo SU yenye sindano ya namna hiyo. Pikipiki nazo zikafuata, na mpaka leo pikipiki nyingi za kabureta, zikiwemo zile za kukimbilia matopeni na vilimani, zina sindano iliyoshikwa na kizibo kinachopanda mwendeshaji anapozungusha mkono wa mafuta. Sindano ikipanda, sehemu yake nyembamba huja penye tundu, nafasi ikaongezeka, na petroli nyingi zaidi ikapita.

Naona nieleze kidogo jinsi ya kuichagua, maana hapo ndipo kipimo cha Maybach kinapoonekana kwa macho. Mkono wa mafuta ukiwa karibu umefungwa, mwenye kutawala ni jeti ndogo. Ukiwa umefunguliwa wote, mwenye kutawala ni jeti kubwa. Katikati, tangu robo hata robo tatu, ni zamu ya sindano, na hapo ndipo mwendeshaji huwa muda mrefu kuliko kwingine kote. Juu ya sindano kuna mikato, mara nyingi mitano, na klipu moja. Klipu ikihamishwa kwenye mkato wa juu, sindano hushuka na petroli hupungua. Ikihamishwa chini, sindano hupanda na petroli huongezeka. Klipu ikiwa haitoshi, ndipo sindano yenyewe hubadilishwa, nayo hutazamwa kwa mambo matatu: unene wa sehemu ya juu iliyonyoka, urefu kabla ya kuanza kuchongoka, na ukali wa kule kuchongoka. Sehemu ya juu ikiwa nene zaidi, petroli hupungua wakati mkono umefunguliwa kidogo. Sindano ikichelewa kuchongoka, petroli nayo huchelewa kuongezeka. Tofauti ya sindano moja na nyingine yaweza kuwa sehemu moja katika mia ya milimita. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hiyo mara kadhaa.

Ndugu yangu mmoja alikuja kututembelea hapa Mbeya na pikipiki ya mapigo mawili aliyoizoea Dar es Salaam. Kule pwani ilikwenda vizuri. Hapa, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ilikuwa ikitoa moshi na kuguguma kila ilipofunguliwa nusu, na plagi ilikuwa nyeusi. Wanachama wa Chama cha Ufundi walitaka kuvunja injini yote. Niliwaambia waangalie kwanza hewa. Hewa ya milimani ni nyepesi kuliko ya pwani; petroli ileile ikikutana na hewa pungufu, inakuwa imezidi. Tulibandika utepe kwenye mkono wa mafuta tukaweka alama za robo, nusu na robo tatu. Tukaweka jeti kubwa ndogo kidogo kuliko ile ya kwanza, kisha tukapandisha klipu mkato mmoja ili sindano ishuke. Tulibadili jambo moja tu kila mara, tukaipanda njia ileile, tukaandika daftarini, tukaitazama plagi. Mwisho wake plagi ilikuwa na rangi ya kahawia, na pikipiki ikapanda kilima bila kuguguma. Petroli ilipungua, nguvu ikaongezeka. Anayeteremka pwani na apime tena, maana huko sindano ileile itakuwa inatoa petroli pungufu, na injini ya mapigo mawili huharibika upesi kwa hilo, kwa kuwa oili yake huja pamoja na petroli.

Tumrudie Maybach. Mwaka 1895 yeye na Daimler walirudishwa katika kampuni, kwa sababu Frederick Simms wa Uingereza, aliyetaka kununua haki za injini zao, aliweka sharti kwamba Daimler arudi kwanza. Daimler alifariki tarehe 6 Machi 1900. Mwaka uleule Maybach, sasa akiwa peke yake, alichora gari jipya kwa ajili ya mfanyabiashara Emil Jellinek, nalo likapewa jina la binti wa Jellinek, Mercedes. Lilikuwa na nguvu za farasi 35, silinda nne, kabureta mbili, na rejeta mpya ya vijibomba vidogo 8,070 kama sega la nyuki. Machi 1901 lilishinda huko Nice, Ufaransa, hata magari mengine yote yakaonekana ya kale. Wafaransa wakamheshimu Maybach wakamwita mfalme wa waunda magari.

Hata hivyo ndani ya kampuni heshima yake ilipungua baada ya rafiki yake kufa. Mwaka 1907 aliondoka kwa mara ya pili. Jina lililobaki langoni lilikuwa la Daimler, na jina lililokwenda duniani lilikuwa la mtoto wa mnunuzi. Maybach hakukaa kulia. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, mwaka 1909 aliungana na Ferdinand von Zeppelin kuanzisha kiwanda cha injini za vyombo vya angani, na mwanawe Karl akakiongoza. Mwaka 1916 chuo cha ufundi cha Stuttgart kilimpa shahada ya heshima ya udaktari, yeye ambaye hakupata kusoma chuoni. Chanda chema huvikwa pete, ijapokuwa kwa kuchelewa. Alifariki Stuttgart tarehe 29 Desemba 1929, akiwa na miaka 83, akazikwa Cannstatt, katika makaburi yaleyale aliyozikwa Daimler.

Siku hizi karibu magari yote mapya ya petroli, na pikipiki nyingi mpya, hazina tena kabureta; petroli hupulizwa na kifaa kinachoongozwa na kompyuta. Lakini swali ambalo kompyuta hiyo hulijibu mara nyingi kwa sekunde ni lile lile la Maybach: hewa hii inahitaji petroli kiasi gani?

Nina neno moja kwa wazazi na walimu wenzangu. Katika madarasa yetu wako watoto waliofiwa na wazazi, na wako wengine ambao ada zao hulipwa kwa taabu na mjomba au nyanya. Miongoni mwao yuko mmoja anayechora mashine nyuma ya daftari lake la historia. Wepesi wetu ni kumkemea. Gustav Werner hakuwa fundi wa injini, wala hakujua kwamba yatima wake atabadili safari za dunia nzima. Alichofanya ni kutazama michoro yake vizuri, akampa meza, kalamu na masomo ya jioni. Basi mkiona mchoro wa namna hiyo, msiufute kabla ya kuutazama. Mleteni mwenye kuuchora katika karakana siku ya Jumamosi, saa tatu asubuhi. Sindano zipo, daftari lipo, na nafasi ipo.